Nusu siku Regensburg: jinsi ya kuutembea mji wa kale meli ikiwa gatini

Nimefika Regensburg, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Danube, mara mbili, zote kwa meli ya mtoni. Mara ya kwanza nilishuka na kundi, nikaufuata mwavuli wa kiongozi hadi kanisa kuu, nikapiga picha, nikanunua kadi za posta, nikarudi kula. Jioni tulipoondoka nilisimama nyuma ya meli nikaliona Daraja la Mawe likizidi kuwa dogo, na hapo nikang'amua kwamba nimezunguka mji uliozaliwa na mto bila kuutazama mto wenyewe. Mara ya pili nilianzia darajani. Mji ulikuwa ule ule na saa zilikuwa nne zile zile, lakini safari hii niliona kwa nini kila jengo liko pale lilipo.

Njia ninayoieleza hapa ni ya mara ya pili. Inamfaa mtu mwenye saa nne au tano za kukaa nchi kavu na miguu inayoweza kustahimili barabara za mawe.

Hatua ya 1: Uliza mambo matatu usiku wa kuamkia

Nenda mapokezi baada ya chakula cha jioni, wakati foleni imekwisha. Uliza kwanza meli itafunga gati wapi hasa, na kama itaondokea hapo hapo. Usiridhike na jibu la "Regensburg". Mji una sehemu kadhaa za kufunga gati kando ya mto, na wakati mwingine meli huwashusha abiria mahali pamoja na kuwapakia pengine. Omba jina la gati liandikwe kwenye karatasi, uipige picha.

Pili, uliza hali ya maji. Sehemu kubwa ya Danube nchini Ujerumani imefungwa mabwawa, na meli hupandishwa na kushushwa kwa vyumba vya maji vyenye milango. Lakini kati ya miji ya Straubing na Vilshofen, kilomita 70 hivi, mto bado unatiririka huru. Ukame ukizidi, meli haina kina cha kupita. Mafuriko yakija, usafiri husimamishwa. Ndiyo maana wapo abiria waliolipia kufika Regensburg kwa maji wakajikuta wanapelekwa kwa basi. Ukijua mapema utapanga siku yako upya, maana basi lina saa zake na mara nyingi hukupa muda mfupi zaidi mjini.

Tatu, saa ya mwisho ya kurudi. Hapa sisi tunaosema Kiswahili tuwe waangalifu kuliko wengine. Ubao wa meli huandika 17:30, nayo kwetu ni saa kumi na moja na nusu jioni. Nimemwona mwenzangu aliyeelewana na mkewe kwa simu "saa tano na nusu", kila mmoja akiwa na saa yake kichwani. Mkiwa wawili au watatu, tajeni saa kama ilivyo ubaoni, tarakimu kwa tarakimu, na tegeni kengele za simu dakika 45 kabla.

Hatua ya 2: Pakia mfuko mdogo

Chukua kadi ya chumba, nakala ya pasipoti, namba ya simu ya meli na sarafu chache za euro. Sarafu ni za vyoo vya umma, ambavyo vingi hulipiwa, na za maduka madogo yasiyopokea kadi. Vaa viatu vya soli nene isiyoteleza. Mvua ikinyesha, mawe ya barabarani huwa kama yamepakwa sabuni.

Kadi ya chumba ina kazi kuliko kufungua mlango tu. Msimu ukichanganya, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu, na ili ufike nchi kavu unapita katikati ya ukumbi wa meli ya jirani. Ukirudi huenda meli yenu imesogezwa au jirani amebadilika. Soma jina la meli ubavuni kabla ya kupanda.

Siku ikiwa Jumapili, jua kwamba maduka ya kawaida hufungwa katika jimbo hili zima la Bavaria. Makanisa, mikahawa na makumbusho mengi huwa wazi, kwa hiyo nunua mahitaji yako Jumamosi.

Na jambo la viza, ingawa hili ni la miezi kabla ya safari: Hungaria, Slovakia, Austria na Ujerumani zote zimo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini Serbia haimo. Kama meli yako inatokea Belgrade au inashuka hadi huko, hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Hatua ya 3: Fika sitahani mapema

Meli inayopanda mto kutoka Passau, mji wa Bavaria mpakani na Austria, hupita Walhalla kabla ya kufika, kilomita 10 hivi mashariki ya mji. Ni jengo jeupe lenye nguzo kama hekalu la Kigiriki, juu ya kilima, upande wa kulia wa meli. Mfalme Ludwig I wa Bavaria aliamuru lijengwe ili kuweka sanamu za watu mashuhuri wa lugha ya Kijerumani. Likafunguliwa mwaka 1842. Wengine hukodi gari kwenda kulipanda. Ukiwa na nusu siku tu usifanye hivyo: kutoka majini ndiko linakoonekana kama mjenzi wake, Leo von Klenze, alivyokusudia.

Hatua ya 4: Nenda darajani kwanza, kabla ya kitu kingine chochote

Kutoka gatini fuata ukingo wa mto kuelekea magharibi. Utaona paa kubwa lenye mteremko mkali, safu baada ya safu za madirisha madogo. Hilo ni Salzstadel, ghala la chumvi lililojengwa kati ya 1616 na 1620. Chumvi ya milimani ilishuka kwa mito hadi Passau, kisha mashua zikavutwa na farasi kupanda Danube mpaka hapa. Farasi walitembea ukingoni, kamba mabegani, siku nyingi. Leo ndani kuna kituo cha wageni cha urithi wa dunia, kwa kuwa mji huu wa kale pamoja na Stadtamhof ng'ambo ya mto uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006. Hakuna kiingilio. Kaa robo saa utazame ramani ya mji ilivyokua; itakusaidia saa zote zinazofuata.

Sasa panda daraja. Lilijengwa kuanzia 1135 hadi 1146, na mwanzo wake uliwezekana kwa sababu kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikavu mno na maji yakapungua. Fikiria maana yake: kwa karibu miaka 800, hadi miaka ya 1930, hili lilikuwa daraja pekee la mji juu ya Danube. Mwaka 1147 wanajeshi wa Vita vya Msalaba vya pili walipita hapa, daraja likiwa bado jipya kabisa. Aprili 1945 wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua sehemu yake, na ukarabati mkubwa wa mwisho ulikamilika 2018. Magari hayapiti tena, kwa hiyo unaweza kusimama katikati bila wasiwasi. Baiskeli ndizo za kuangalia.

Ukifika katikati, inama utazame chini. Nguzo zimesimama juu ya visiwa vya mawe vilivyojengwa kuzilinda, na visiwa hivyo vimeubana mto. Maji yakipita kwenye matao hukimbia kwa nguvu, na yakitoka upande wa pili huzunguka kama pia. Ndiyo sababu meli yako ndefu imefunga gati mashariki ya daraja, bila kulipita. Meli zinazoendelea mbele huzungukia kwenye mfereji upande wa kaskazini. Kelele ya maji pale ni jambo ambalo hakuna picha itakayokuhifadhia. Mpe mto dakika kumi.

Juu ya daraja kuna kisanamu cha mtu aliyekaa ameweka kiganja juu ya macho, akitazama kanisa kuu. Viongozi wa watalii husimulia kwamba mjenzi wa daraja aliwekeana dau na mjenzi wa kanisa nani atamaliza kwanza, akamwomba Shetani msaada kwa ahadi ya roho za watatu wa kwanza kuvuka, kisha akawatanguliza jogoo, kuku na mbwa. Hadithi ni tamu, ila daraja lilikuwa limekwisha miaka zaidi ya 120 kabla ya kanisa la sasa kuanza.

Vuka hadi Stadtamhof, hata kama ni kwa dakika tano. Regensburg ulikuwa mji huru tangu 1245, chini ya Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, yaani muungano wa kale wa nchi za Kijerumani, huku Stadtamhof ukiwa wa watawala wa Bavaria. Kwa karne nyingi, kuvuka daraja hili kulikuwa kuvuka mpaka wa nchi. Mwaka 1809, majeshi ya Napoleon yalipopigana na Waaustria hapa, Stadtamhof uliteketea kwa moto. Ndiyo maana nyumba zake ni sare na za umri mmoja, tofauti na za mjini. Uliunganishwa na Regensburg mwaka 1924 tu. Kisha geuka. Picha bora ya mji wote, minara miwili ya kanisa juu ya paa la ghala la chumvi, iko hapo unaporudi.

Hatua ya 5: Ingia mjini kupitia kwa Warumi

Ukishuka daraja na kupita chini ya mnara wake, kata kushoto kwenye mtaa wa Unter den Schwibbögen. Baada ya hatua chache, ukuta wa kulia hubadilika ghafla: mawe makubwa meusi, tao na kipande cha mnara, vimemezwa na nyumba iliyopakwa chokaa. Ni Porta Praetoria, lango la ngome ya Castra Regina iliyokamilishwa mwaka 179, wakati wa Kaisari Marcus Aurelius, kwa ajili ya askari 6,000 hivi wa kikosi cha Kirumi kilichoitwa Legio III Italica. Lango lilifichwa na majengo kwa karne nyingi hadi plasta ilipoondolewa katika karne ya 19. Gusa jiwe, kisha geuka utazame mto ulivyo karibu. Ng'ambo yake haikuwa Roma tena.

Hatua ya 6: Kanisa kuu, kwa macho yaliyopumzika

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro liko nyuma tu ya lango hilo. Ujenzi wake ulianza katika karne ya 13 na minara yake, yenye mita 105, ikakamilika 1869. Hakuna kiingilio. Ukiingia hutaona kitu, kuna giza. Usitoke. Kaa kwenye benchi dakika chache hadi macho yazoee, ndipo vioo vya rangi vya madirishani, vingi vikiwa vya karne za 13 na 14, vitakapoanza kuwaka.

Tafuta sanamu mbili zinazotazamana kutoka nguzo mbili: Maria upande mmoja, na upande wa pili malaika Gabrieli amempelekea habari huku akicheka. Anacheka kweli, meno nje, tangu mwaka 1280 hivi. Watu hupita katikati ya mazungumzo yao bila kujua.

Meli ikiwapo Jumapili asubuhi, ulizia misa inayoimbwa na Domspatzen, kwaya ya wavulana ambayo asili yake ni shule iliyoanzishwa na askofu mwaka 975. Wakati wa likizo za shule huenda wasiwepo.

Hatua ya 7: Keti Neupfarrplatz

Makundi mengi hupita uwanja huu mbio wakielekea madukani. Naomba usipite mbio. Hapa palikuwa mtaa wa Wayahudi wa Regensburg, mmojawapo wa mikongwe na mashuhuri katika nchi za Kijerumani. Mwaka 1519, Kaisari Maximilian I aliyekuwa mlinzi wao alipokufa, baraza la mji liliwafukuza wote na kubomoa sinagogi lao. Mchoraji Albrecht Altdorfer, aliyekuwa mjumbe wa baraza hilo hilo, aliingia ndani kabla halijabomolewa akalichora. Michoro yake ndiyo inayotuonyesha lilivyokuwa, na mkono uliolihifadhi ulikuwa wa mtu aliyekaa na walioliangamiza. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile.

Wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua eneo hili kati ya 1995 na 1998, wakapata misingi ya nyumba na ya sinagogi, pamoja na hazina ya sarafu 624 za dhahabu. Juu ya misingi ya sinagogi, msanii wa Israeli Dani Karavan aliweka mwaka 2005 mchongo wa saruji nyeupe unaofuata umbo la jengo, chini kiasi cha mtu kuukalia. Watoto huruka juu yake, wazee hula aiskrimu, wanafunzi hujisomea. Karavan alitaka pawe mahali pa watu kukutana, kwa hiyo kukaa si utovu wa adabu. Sinagogi jingine la mji, lililojengwa 1912, lilichomwa na Wanazi mwaka 1938. La sasa lilifunguliwa 2019, mtaa wa pili tu kutoka hapo.

Hatua ya 8: Wahlenstraße na minara ya matajiri

Elekea Wahlenstraße, mmoja wa mitaa mikongwe kabisa mjini. Anayejua vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar atajisikia nyumbani: njia nyembamba, kuta ndefu, mwanga kidogo. Inua shingo. Goldener Turm una mita 50 hivi, nao haukuwa wa kanisa wala wa ulinzi. Wafanyabiashara waliotajirika kwa biashara na Venice waliiga minara ya Italia, wakashindana kujenga nani mrefu zaidi, kwa kujionyesha tu.

Hatua ya 9: Altes Rathaus, na hapa tumia pesa

Kama kuna kiingilio kimoja cha kulipa Regensburg, ni hiki. Ukumbi wa kale wa baraza huonekana kwa ziara ya kuongozwa tu, na ziara za Kiingereza ni chache kwa siku. Kituo cha habari za watalii kimo humo humo, kwa hiyo kama wewe ni mwenye mpango, pitia kwanza hapa ukitoka darajani, kata tiketi ya saa inayokufaa, kisha endelea na hatua ya 5.

Ndani kuna ukumbi ambamo Bunge la Dola Takatifu la Kiroma lilikaa bila kuvunjwa kuanzia 1663 hadi 1806. Mabalozi wa wafalme na maaskofu walikuja Regensburg, wakapanga nyumba, wakaoa, wakazeeka humu wakijadiliana. Kiti cha Kaisari kipo juu kuliko vyote na kila cheo kina ngazi yake. Wajerumani wana msemo wa "kulisukuma jambo kwenye benchi refu", yaani kuliahirisha bila mwisho, na viongozi wa hapa husema ulitokana na mabenchi ya jengo hili. Chini ya ukumbi kipo chumba cha mateso, chenye vyombo vyake. Mwenye watoto wadogo aamue mapema.

Hata usipoingia, simama mlangoni. Ukutani zimepigiliwa fimbo tatu za chuma zenye maandishi ya Kijerumani cha kale: futi ya mji, dhiraa ya mji na pima ya mji. Mnunuzi wa kitambaa aliyeshuku kwamba amepunjwa alikuja nacho hapa akakipima mbele ya watu. Bibi zetu waliopima nguo kwa mkono wasingehitaji mkalimani kuuelewa ukuta ule.

Hatua ya 10: Rudi kwa njia ya chini

Kutoka Rathaus pita Keplerstraße. Mwanaastronomia Johannes Kepler alikuja Regensburg mwaka 1630, Kaisari na wakuu wa dola walipokutana hapa, kudai fedha alizokuwa anadai. Akaugua, akafa Novemba mwaka huo katika nyumba ya mtaa huu. Kaburi lake lilipotea katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Ukikaribia daraja, utaona nyumba yenye picha kubwa ya Daudi na Goliathi inayojaza ukuta mzima. Goliathi ameegemeza kiwiko juu ya tao kama mtu aliyechoka kusubiri.

Kama una njaa, kibanda kidogo chenye moshi kati ya ghala la chumvi na mto ni Wurstkuchl, mahali mashuhuri pa soseji za kuchomwa kwa mkaa, na kabichi chachu na haradali tamu. Ni za nguruwe, kwa hiyo Mwislamu apite, ila asimame ukutani aone alama za vimo vya mafuriko, kila moja na mwaka wake. Zipo zilizo juu ya kichwa cha mtu mzima.

Hatua ya 11: Ukichelewa

Piga simu melini mara moja, usisubiri hadi ufike gatini. Kama meli imekwisha kuondoka na inashuka mto, kituo cha garimoshi kiko kusini mwa mji wa kale, mwendo wa robo saa hivi kwa miguu, na treni hufika Passau kwa takriban saa moja, mapema sana kuliko meli. Waambie mapokezi unaelekea huko, waulize jina la gati la Passau, na kaa na chaji ya simu.

Ukiwahi, nenda moja kwa moja nyuma ya sitaha, usiingie chumbani. Daraja litaonekana kwa dakika chache hadi mto upinde. Baada ya hapo hamia upande wa kushoto: kwa anayeshuka mto, Walhalla iko huko, na jioni jua linaligonga kutoka nyuma yako.